Anakunywa methadoni kila asubuhi. Bado ni teja?

"Mdogo wangu ana miaka 31. Alivuta unga, yaani heroini, baadaye akajidunga, jumla miaka tisa. Sasa ana mwaka na miezi minne anakunywa methadoni, ile dawa ya hospitali inayotibu uraibu wa unga, kwenye kliniki moja hapa Dar es Salaam, miligramu 85 kila asubuhi. Amerudi gereji, analeta hela ya chakula, na tunatarajia aoe baada ya Ramadhani. Mjomba wetu, ambaye ndiye atakayesimamia posa, anasema huyu bado ni teja, ametoka kwa pusha akahamia kwa serikali, kwa hiyo aache dawa na akae soba, zile nyumba za kuachia unga, miezi minne ili aoe akiwa msafi. Binamu yetu aliyeko Uingereza naye anasema methadoni imepitwa na wakati: siku hizi kuna sindano ya mwezi, kuna chanjo, na hata dawa za kupunguza mwili zinatibu uraibu. Nimechanganyikiwa. Isitoshe, mwezi uliopita alikutwa na TB akaanza vidonge, na wiki hizi mbili anaamka alfajiri anatetemeka, makamasi yanamtoka, miayo haiishi, tumbo linamkata. Mama anasema amerudia unga. Yeye anaapa hajagusa. Tufanye nini?"

Dada yangu, niruhusu nianze na ulichokiandika mwishoni, maana hicho hakiwezi kungoja.

Inawezekana kabisa kwamba mdogo wako anasema kweli. Miongoni mwa dawa za TB anazomeza kuna rifampisini, ile inayoufanya mkojo uwe na rangi ya machungwa. Dawa hiyo inaua vijidudu vya TB vizuri sana, lakini pia inaliamsha ini lifanye kazi kuliko kawaida, na ini likiamka hivyo linaivunjavunja methadoni upesi kabla siku haijaisha. Kikombe kile kile cha miligramu 85, kilichokuwa kinamshika kuanzia asubuhi hadi asubuhi, sasa kinamwachia usiku wa manane. Ikifika saa kumi alfajiri mwili hauna kitu. Kutetemeka, makamasi, miayo na tumbo kukata ni arosto, yaani mwili kudai dawa uliyoizoea, ndiyo, lakini ni arosto ya dozi iliyopungua mwilini bila mtu yeyote kuipunguza. Kwa kawaida huanza wiki moja au mbili baada ya kuanza vidonge vya TB, na hesabu ya wiki ulizonitajia inalingana na hilo.

Kesho asubuhi nenda naye kliniki. Beba kadi yake ya TB, na kabla hajafika dirishani kunywa dozi, ombeni kumwona daktari. Mwelezeni tarehe aliyoanza vidonge na saa ambayo arosto inamkamata. Kama TB iligunduliwa kituo kingine, upo uwezekano kwamba taarifa haijafika kliniki ya methadoni. Daktari atapandisha dozi hatua kwa hatua huku akimwangalia. Asiache vidonge vya TB hata siku moja, na asijiongezee kitu chochote mtaani ili apate usingizi, hasa vidonge vya usingizi au pombe. Vitu hivyo vikikutana na methadoni vinaweza kumsimamishia pumzi. Kama Mama anataka uhakika, kipimo cha mkojo kinatofautisha methadoni na heroini. Lakini hata kikionyesha kwamba aliteleza siku moja, sababu ni hiyo hiyo ya dozi, na tiba ni hiyo hiyo ya kuipandisha. Kumfukuza nyumbani kwa ajili ya dalili zilizoletwa na dawa ya hospitali kungekuwa kumwonea.

Sasa tuje kwa Mjomba. Simlaumu. Amekaa miaka tisa akimwona kijana wa dada yake anauza sufuria za nyumbani, na leo anamwona amepanga foleni kila siku kusubiri kikombe. Kwa macho tu mambo hayo mawili yanafanana, na hata madaktari wengi wa zamani waliyaona hivyo. Ila ndani ya mwili ni mambo mawili tofauti kabisa.

Heroini inapanda ubongoni kwa kasi, inampa mtu ile raha ya ghafla, halafu inashuka. Baada ya saa sita hadi kumi na mbili arosto imeshaanza. Kwa hiyo anayetumia anaishi kwa kupanda na kushuka mara tatu, nne kwa siku, na kila akishuka akili yake yote inageuka kuwa swali moja: kete inayofuata itatoka wapi? Ndiyo maana hawezi kushika kazi wala kukaa hata kwenye msiba. Methadoni inakaa kwenye vipokezi vile vile vya ubongo, yaani sehemu ambazo heroini inajishikiza, ila inapanda polepole na inashuka polepole kwa siku nzima na zaidi. Mtu aliyezoea dozi yake hapati raha yoyote ya ghafla. Anapata tu hali ya kawaida. Na kwa kuwa vipokezi vimeshashikwa, hata akijaribu unga, hauna makali aliyoyazoea.

Nimesimama mara nyingi karibu na lile dirisha. Mtu anataja namba yake, mfamasia anapima dawa, inachanganywa na maji kwenye kikombe cha plastiki, anakunywa, anaongezewa maji anywe tena, kisha anasemeshwa kidogo ili ijulikane kwamba amemeza. Dakika moja imekwisha. Halafu tazama wanakoelekea: mwingine anakimbilia daladala awahi kibarua, mwingine anampeleka mtoto shule. Mdogo wako anakwenda gereji. Hakuna aliyewahi kupiga hatua hizo kwa kutumia unga.

Katika taaluma yetu kuna tofauti kati ya mwili kuzoea dawa na kuwa mraibu. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 5 lililotoka mwaka 2013, unataja vigezo 11 vya kumpima mtu: kushindwa kujizuia, kuacha majukumu, kuendelea kutumia huku unaona madhara, na vingine. Kupata arosto ni kigezo kimojawapo. Lakini mwongozo huo umeandika wazi kwamba arosto na mwili kuzoea dozi havihesabiwi kwa mtu anayekunywa dawa kama alivyoandikiwa na daktari. Kwa hiyo ukiniuliza kitaalamu kama mdogo wako "bado ni teja", nitakujibu kwamba kwa maelezo uliyonipa ni mtu aliye kwenye nafuu, anayetumia dawa. Na lile neno ningefurahi likiachwa mlangoni, maana anayeitwa teja kila siku mwishowe anaona hana cha kupoteza.

Hofu yangu kubwa iko kwenye ile miezi minne ya soba.

Sina ugomvi na nyumba za soba. Nawajua vijana waliopona humo, na nawajua wasimamizi, wengi wao wakiwa wenyewe walitoka kwenye unga, wanaokesha na mtu anayetapika bila kumkaripia. Mshikamano wa namna ile hospitali haiwezi kuutoa. Tatizo ni linalotokea mwilini wakati mtu yuko ndani. Akikaa miezi minne bila methadoni wala heroini, mwili unasahau kuvumilia. Akili haisahau. Siku akitoka, akikutana na rafiki wa maskani, akichukua kiasi kile kile alichokuwa akitumia zamani, kiasi hicho sasa kinatosha kumuua. Nilimhudumia kijana mmoja ambaye familia yake ilimtoa kwenye methadoni kwa nia njema kabisa, akakaa soba, akanenepa, wakamfanyia maulidi ya shukrani. Alikufa ndani ya wiki ya pili tangu arudi nyumbani, kwa kete moja. Baba yake aliniuliza inakuwaje mtu aliyepona afe kwa kidogo namna ile, wakati alipokuwa mgonjwa alitumia mara nne zaidi akaishi. Ilibidi nimweleze haya haya ninayokueleza wewe, nikiwa nimechelewa.

Jambo hili limepimwa tena na tena. Mwaka 2003 watafiti wa Stockholm, Uswidi, walitoa matokeo ya watu 40 waliokuwa na uraibu wa heroini. Wote walipewa ushauri nasaha wa kina, wote walifuatiliwa kwa ukaribu. Ila 20 kati yao walipewa buprenofini, dawa iliyo ndugu wa methadoni, kila siku kwa mwaka mzima, na wengine 20 walipewa kwa siku sita tu ikipunguzwa, kisha vidonge visivyo na dawa. Mwaka ulipokwisha, kundi la kwanza lilikuwa na watu 15 bado kwenye matibabu. Kundi la pili halikubaki na hata mmoja, na wanne walikuwa wamekufa. Wanne kati ya 20, ndani ya mwaka mmoja, katika nchi yenye hospitali nzuri namna ile, na ushauri nasaha wakiupata!

Mwaka 2017 wataalamu wengine walikusanya tafiti nyingi zilizowafuatilia zaidi ya watu 120,000 wa methadoni katika nchi mbalimbali. Walipokuwa kwenye dawa, vifo vilikuwa kama 11 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Walipotoka, vilifika 36. Na wiki nne za kwanza baada ya kuacha ndizo zilikuwa mbaya kuliko zote. Mjomba anaona tarehe ya harusi, mimi naziona wiki hizo nne.

Naomba pia umfikishie Binamu salamu na majibu, kwa sababu hakusema uongo, ila amechanganya yaliyopo na yanayotafutwa.

Methadoni ni dawa ya zamani, ni kweli. Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walitangaza matokeo yao ya kwanza mwaka 1965 kwa wagonjwa 22 tu. Lakini uzee wake ndio umetupatia miaka sitini ya ushahidi. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005 pamoja na buprenofini, na Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, kisha Zanzibar, Kenya na mikoa mingine ikafuata. Uingereza kwenyewe bado inatumika sana, Binamu akiuliza vizuri ataambiwa.

Kilichobadilika katika utafiti wa dunia ni swali lenyewe. Zamani watafiti walihesabu wangapi wameacha kila kitu, basi. Siku hizi wanauliza wangapi wako hai, wangapi bado wanafika kliniki, wangapi wana kazi, wangapi wanalala usingizi. Na wanauliza namna ya kuiondolea dawa usumbufu, maana kufika dirishani kila siku kunamtoa mtu kazini na kunakula nauli. Ugonjwa wa korona ulilisukuma jambo hilo: Machi 2020 Marekani iliruhusu wagonjwa waliotulia wapewe dozi za kwenda nazo nyumbani hadi siku 28, na mwaka 2024 wakaifanya kuwa kanuni ya kudumu, kwa sababu maafa yaliyokuwa yakihofiwa hayakutokea. Kama mdogo wako anahangaika na nauli au na bosi wa gereji, muulizeni daktari kliniki yenu ina utaratibu gani kwa waliotulia.

Sindano ya mwezi ipo kweli. Ni buprenofini inayochomwa chini ya ngozi na kutoka taratibu kwa wiki nne. Marekani waliipitisha mwaka 2017. Ni dawa nzuri na natamani siku moja iwe kawaida kwetu. Lakini kuhama kutoka methadoni si kama kubadili laini ya simu. Buprenofini inashika vipokezi kwa nguvu zaidi ila inavisukuma kidogo, kwa hiyo ikimkuta mtu mwenye miligramu 85 za methadoni mwilini inaing'oa methadoni na kumtupa kwenye arosto kali ndani ya saa moja au mbili. Kwa kawaida daktari huishusha methadoni kwanza hadi karibu na miligramu 30, kisha anasubiri mgonjwa aanze kusikia arosto ndipo aingize dawa mpya. Mtu mwenye TB na arosto ya alfajiri siye wa kuanza naye safari hiyo sasa.

Ipo na sindano nyingine ya mwezi, naltreksoni, ambayo watu wengi huichanganya na hiyo. Yenyewe inafunga vipokezi kabisa, na ili ichomwe lazima mtu awe hana heroini wala methadoni mwilini kwa wiki moja au zaidi. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Katika jaribio kubwa la Marekani lililotolewa mwaka 2018, zaidi ya robo ya waliopangiwa naltreksoni hawakufika hata kwenye sindano ya kwanza. Waliofika walifanya vizuri. Kwa mtu aliyetulia kwenye methadoni kama mdogo wako, sioni sababu ya kumpitisha kwenye mlango huo.

Dawa za kupunguza mwili zinatafitiwa kwa bidii, na mimi mwenyewe nazifuatilia kwa hamu. Mwaka 2025 lilitolewa jaribio la semaglutaidi kwa watu 48 wenye matatizo ya pombe. Kwa wiki tisa hamu yao ya pombe ilipungua kuliko ya wale waliochomwa sindano tupu. Watu 48, wiki tisa, na ni pombe. Ni habari njema ya mwanzo, lakini bado haitoshi kumtoa mtu kwenye dawa inayomweka hai leo. Chanjo nayo ni wazo zuri: mwili unafundishwa kuinasa dawa kwenye damu isifike ubongoni. Ile ya kokeini ilipojaribiwa kwa watu, sehemu tu ya waliochanjwa walipata kinga ya kutosha. Na chanjo inanasa aina moja tu ya dawa, hamu inabaki palepale. Hakuna ya heroini unayoweza kuipata hospitali popote, awe Binamu yuko London au hapa Temeke.

Nikuambie na hili, maana linaniuma. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 64 duniani walikuwa na matatizo ya matumizi ya dawa za kulevya, na aliyepata matibabu alikuwa mmoja kati ya 11. Mdogo wako ni huyo mmoja.

Je, atakunywa methadoni maisha yake yote? Huenda ndiyo, huenda hapana, na jibu hilo ni lake. Wapo wanaoacha vizuri. Wanaofanikiwa kwa kawaida wametulia kwa mwaka mmoja au miwili na zaidi, wana kazi, wana watu, wameamua wenyewe bila kusukumwa, na wanashuka kwa kiasi kidogo, kisichozidi sehemu moja ya kumi ya dozi, kila baada ya wiki kadhaa. Kutoka 85 hadi sifuri kwa mwendo huo ni karibu mwaka, mara nyingi zaidi. Ngumu kuliko zote ni miligramu 20 za mwisho. Hamu ikirudi wanasimama, au wanapanda kidogo, na hakuna anayewacheka. Kushusha kwa sababu ya posa, katikati ya matibabu ya TB, ni kinyume cha yote hayo.

Kama familia inatamani mshikamano wa soba, tafuteni nyumba itakayomruhusu aendelee kwenda kliniki, au ahudhurie vikao vyao vya jioni bila kulala huko. Nyumba itakayokataa dawa zake za hospitali, za TB zikiwemo, au inayofunga watu minyororo au kuwapiga, msimwache hapo hata usiku mmoja.

Kuhusu ndoa, mchumba aambiwe, na mdogo wako amwambie mwenyewe kabla mtu wa nje hajamwahi. Kama anaona aibu, kliniki nyingi zina washauri watakaokaa nao wawili. Methadoni inaweza pia kupunguza hamu ya tendo la ndoa, kumtoa mtu jasho na kumfungia choo. Wanaume wengi hunyamazia hilo la kwanza kisha wanaacha dawa kimyakimya siku chache kabla ya harusi. Mwambie daktari analijua, analitibu, na hatashangaa.

Nyumbani mjue dalili za kuzidiwa: anakoroma kwa mkoromo wa ajabu, pumzi zinatoka moja moja kwa nafasi, midomo na kucha zinakuwa za kijivu, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu, na hata mkimtikisa haamki. Mpulizieni pumzi mdomoni, na akianza kupumua mwenyewe mlazeni kwa ubavu. Tafuteni gari mara moja, msisubiri azinduke. Ulizeni kliniki kama naloksoni inapatikana; ndani ya dakika chache inaizuia methadoni au heroini isifanye kazi, ila nguvu yake inaisha kabla ya methadoni, kwa hiyo hata akiamka na kuongea lazima afike hospitali.

Na moja la mwisho kuhusu dozi watakayompandishia kesho. Matibabu ya TB kwa kawaida ni miezi sita. Rifampisini ikisimamishwa, ini linarudi kwenye mwendo wake wa zamani ndani ya wiki mbili hivi, na dozi iliyopandishwa inaanza kulundikana mwilini. Itabidi ishushwe taratibu kipindi hicho hicho. Andikeni tarehe ya kidonge cha mwisho cha TB kwenye kalenda ya ukutani, mrudi kliniki kabla haijafika, na wiki hizo mbili muwe mnamchungulia usiku anavyopumua.